Anayesimama Nyuma ya Lori

Dereva alikuwa ameingiza gia ya nyuma, analisogeza lori taratibu kupitia geti jembamba la nyumba iliyofungwa, alipomwona utingo wake kwenye kioo cha kushoto akimpungia mkono: njoo, njoo. Akatazama kioo cha kulia ili apime nafasi iliyobaki kwenye ukuta. Humo namo utingo wake alikuwa amesimama, akipunga vilevile: njoo, njoo.

Akakanyaga breki.

Lori lilikuwa limejaa uchochoroni kama kizibo kwenye chupa. Mtu wa kushoto angetaka kwenda kulia ingemlazimu azunguke nyuma yote, na hata mwenye mbio za swala asingeweza kufanya hivyo katika muda wa kugeuza shingo.

"Vipi, shemeji?" sauti iliita kutoka nyuma. "Mbona umesimama? Nafasi ipo, hata bibi harusi na wapambe wake wanapita."

"Uko upande gani?"

"Kushoto. Hapa hapa unaponiona."

"Na kulia kuna nani?"

Viatu vizito vikakwaruza changarawe, vikazunguka, vikarudi.

"Kulia kuna ukuta na mjusi. Nimemuuliza mjusi, hana leseni."

Dereva hakucheka. Aliteremka, akaenda kutazama mwenyewe. Ukuta ulikuwapo, na mjusi pia. Alirudi kabini, akamaliza kurudi nyuma kwa kutumia kioo cha kushoto peke yake.

Utingo huyo watu walimwita Filimbi kwa sababu ya filimbi ya bati aliyoivaa shingoni, ambayo hakuivua hata wakati wa kula. Alikuwa kitindamimba wa mama yake. Dada yake mkubwa ndiye aliyekuwa mke wa dereva, na alikuwa amefariki mwanzoni mwa mvua, kwa figo, baada ya ugonjwa ulioanza kwa kutambaa ukamalizia kwa mbio. Baada ya mazishi mama mkwe alimwita dereva kando, akamwambia maneno machache. "Mmoja nimeshamzika. Huyu unaondoka naye asubuhi, unirudishie jioni. Sikuombi kingine." Dereva aliitikia. Tangu siku hiyo kazi yake, kwa jinsi alivyoielewa mwenyewe, haikuwa tena kubeba taka. Ilikuwa kumrudisha Filimbi nyumbani.

Na kazi ile ilikuwa ya hatari hasa kwa mtu wa nyuma. Lori lao lilikuwa na mikono miwili ya chuma na minyororo minne. Kontena la taka hufungwa minyororo kwenye pembe zake, hunyanyuliwa, huning'inia kidogo nyuma ya lori, kisha huwekwa mgongoni. Kuliweka chini ni hivyo hivyo, kinyume chake. Siku nzima ni kurudi nyuma, na dereva anayerudi nyuma ni nusu kipofu: macho yake yako kichwani mwa mtu mwingine. Ndiyo maana pale yadi walikuwa na kanuni zao. Utingo ni mmoja, haongozi mwingine. Hakuna kupita chini ya kontena linaloning'inia. Usipomwona mtu wako kwenye kioo, simama. Kanuni hiyo ya mwisho ilikuwa imeandikwa ukutani kwa rangi nyekundu. Haikuwapo kanuni ya nini cha kufanya ukimwona mara mbili.

Kontena walilokuja kulichukua walikuwa wameliweka wenyewe juma lililotangulia. Warithi wa nyumba ile walikuwa wanaisafisha wapate kuiuza, wakaomba kontena la uani. Kabla ya kuweka kontena, utingo huikagua ardhi: huikanyaga kwa kisigino, husikiliza. Filimbi alikuwa amekanyaga pembeni mwa ukuta, akainua uso.

"Hapa panalia, shemeji. Chini pana uwazi."

Ilikuwa siku ya juma ambayo zamani dereva alikuwa akimpeleka mkewe kusafishwa damu hospitalini. Mwili wake ulikuwa nyuma ya usukani, lakini yeye alikuwa kwenye korido ndefu iliyonuka dawa, akishika mkoba wa mtu mwingine.

"Weka tu," alisema. "Si la kukaa mwaka."

Sasa, juma moja baadaye, kontena liliponyanyuliwa likiwa limejaa magodoro, vitabu vilivyoota ukungu na vipande vya kabati, waliona kilichokuwa chini yake. Bamba la jiwe lilikuwa limevunjika katikati. Kati ya vipande palikuwa na shimo la mviringo, jeusi. Hewa ya baridi ilipanda kutoka humo, na harufu: nywele zilizolowa, na utambi uliozimwa sasa hivi.

Filimbi alichukua kokoto, akaiachia ndani. Waliinama kusikiliza. Hawakusikia ikigonga maji, wala ikigonga chini. Walisikia mlio mdogo, mkavu, wa kitu kilichodakwa kwa kiganja.

Waliweka mbao juu ya shimo, wakafunika kontena kwa turubai, wakaondoka.

Tangu siku hiyo walikuwa watatu.

Si kila mara. Wakati mwingine dereva alirudi nyuma asubuhi nzima, shuleni, sokoni, kiwandani, na nyuma ya lori akawa Filimbi mmoja. Halafu, akishaanza kujiambia kwamba macho yake yamechoka, kioo cha pili kilijaa: ovaroli ile ile, mkanda ule ule wa kung'aa, mkono ule ule ukipunga. Na kabini kukanuka utambi.

Alimwambia Filimbi. Filimbi alicheka kwanza.

"Mimi nimelalamika miaka yote kwamba nafanya kazi ya watu wawili. Kumbe walinisikia."

Lakini alipoona shemeji yake hacheki, alikuna kidevu. "Basi tuweke alama. Kesho navaa kofia nyekundu. Asiye na kofia, mpuuze."

Kesho yake mwenye kofia alikuwa mmoja, na kazi ikaenda vizuri. Keshokutwa walikuwa wawili wenye kofia nyekundu. Filimbi akafunga kitambaa cheupe mkononi. Kilifaa siku moja. Siku ya pili vitambaa vilikuwa viwili. Wakakubaliana atumie filimbi, milio mifupi ya kuita na mmoja mrefu wa kusimamisha. Siku ya pili milio mifupi ilitoka pande zote mbili za lori, na Filimbi, akiwa kushoto, alijisikia mwenyewe akipuliza kulia. Siku hiyo hakutania tena.

Dereva alikuwa mtu wa kuchunguza, na hofu haikumwondolea tabia hiyo. Aliona mambo mawili. La kwanza, yule wa pili alikuwa anaita tu. Hakuwahi hata mara moja kuinua kiganja kuashiria simama, wala kupuliza mlio mrefu. Angeita mpaka lori lifike ukutani, na kupita ukutani. La pili dereva hakumwambia mtu. Kadiri siku zilivyokwenda, mkono ule ulikuwa unabadilika. Filimbi alikuwa anaita kwa mkono mzima, kama mtu anayevuta kamba. Yule mwingine alianza kuita kwa vidole tu, kiganja kikiwa kimeelekea chini, kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ameulaza tumboni.

Mkewe, baada ya kutobolewa mishipa ya mkono wa kulia kwa ajili ya mashine, alikuwa akiwaita watu hivyo hivyo.

Mkasa ulitokea mchana, katika mvua, nyuma ya soko. Maji yalikuwa yanateremka kwenye vioo, na dereva aliona umbo moja tu, la kushoto, likiita. Hakuona la pili, na akashukuru. Alirudi nyuma. Lile umbo liliita, taratibu, kwa subira, kwa vidole, na yeye akarudi, na katika sehemu fulani ya akili yake alijua ni vidole vya nani, alijua na hakukanyaga breki, kwa sababu ilikuwa miezi mingi tangu mtu amwite kwa namna ile, na lori lilikuwa linakwenda polepole, na mvua ilikuwa inapiga paa la kabini kama ilivyokuwa ikipiga bati la nyumba yao ya kwanza, na harufu ya utambi haikuwa mbaya tena, ilikuwa kama harufu ya chumba ambacho mtu amelala akazima taa sasa hivi ili asikusumbue.

Mlio mrefu ulipasua mvua.

Alikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Aliporuka chini alimkuta Filimbi upande wa kulia, mgongo ukutani, kontena limembana kifuani, filimbi ikiwa bado kati ya meno. Alikuwa ameinama kuondoa gogo lililokuwa njiani. Dereva alirudi kabini, akalisogeza lori mbele kiasi cha mkono, na shemeji yake akateleza chini kama nguo iliyoanguka kutoka kwenye kamba.

Mbavu mbili zilikuwa zimepata ufa. Msimamizi wa yadi alimwita dereva ofisini.

"Kanuni ni ipi?"

"Usipomwona, simama."

"Ulimwona?"

"Niliona mtu."

"Nimekuuliza ulimwona *yeye*?"

Dereva alitazama sakafu. Msimamizi alikuwa mtu mzima, na yeye pia alikuwa amewahi kusimama makaburini. Alipunguza sauti. "Ndugu yangu, kama unahitaji kupumzika, sema. Gari la taka halina huruma. Likikanyaga, limekanyaga."

Jioni hiyo walikaa watatu sebuleni kwa mama mkwe, maana dereva alikuwa amepanga chumba uani kwake tangu mkewe alipoanza kuugua na hakuhama. Filimbi alikuwa amefungwa bandeji kifuani, anakula kwa mkono mmoja. Jua lilikuwa halijazama vizuri. Mama alikuwa anamtazama mwanawe kila anapopeleka tonge mdomoni, kama anayehakikisha kwamba linafika.

"Ukuta ulikukosea nini?" aliuliza.

"Ulinipenda sana, mama. Uling'ang'ania kunikumbatia."

"Cheka tu. Baba yako naye alikuwa na mizaha hivyo hivyo."

Ndipo waliposikia. *Pii. Pii. Pii.* Mlio wa lori linaporudi nyuma. Ulikuwa mdogo, wa mbali, na wote watatu walitazama dirishani kuelekea barabarani. Barabara ilikuwa tupu. Mlio haukuwa unatoka huko. Ulikuwa unatoka ng'ambo ya ua, chumbani kwa dereva, nyuma ya mlango aliokuwa ameufunga kwa ufunguo, ambao ufunguo wake ulikuwa mfukoni mwake.

"Umeacha redio?" mama alinong'ona.

"Sina redio, mama."

*Pii. Pii.* Halafu ukakoma, na harufu ikavuka ua, ikaingia kwa mlango kama mgeni aliyezoea: nywele mbichi, utambi. Na sauti ya mwanamke, ya upole, yenye uchovu kidogo kama ya mtu aliyetoka kuamka, ikasema kule chumbani:

"Njoo. Njoo tu. Nafasi ipo."

Sahani ya mama ilianguka. Mama aliinuka. Alikuwa mwanamke mzito wa magoti, ambaye kuinuka kwake siku zote kulikuwa na maombi na malalamiko, lakini jioni ile aliinuka kama msichana, akaelekea mlangoni, uso wake umefunguka, midomo yake inatamka jina ambalo nyumba ile haikuwa imelisikia tangu mazishi, na dereva, ambaye hakuwahi kumgusa mama mkwe wake hata kwa bahati mbaya, alimzunguka, akasimama mbele yake, akamshika mabega yote mawili.

"Nisamehe, mama. Si yeye."

"Ni sauti yake."

"Ni sauti yake. Lakini si yeye."

Walisimama hivyo mpaka sauti ilipokoma. Kisha uzito wa magoti ukamrudia mama, akaketi pale pale sakafuni. Alipozungumza tena alizungumza na dereva kwa jicho kavu.

"Kuna mama mmoja anashona nguo nyuma ya gereji ya pancha. Kabla hajawa fundi alikuwa na kazi nyingine. Nenda kesho. Nenda na huyu."

Mganga alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye futi ya kitambaa shingoni. Hakuwasha ubani wala hakuuliza majina ya ukoo. Aliendelea kushona vifungo vya shati la mtu huku akiwauliza kuhusu kazi.

"Mnapoweka kontena chini, mnatazama nini kwanza?"

"Ardhi," Filimbi alisema.

"Siku hiyo ilisemaje?"

Filimbi alimtazama shemeji yake. Dereva akajibu mwenyewe. "Ililia. Nikasema weka tu."

Mganga alikata uzi kwa meno. "Jini huyo hakuwa na ugomvi nanyi. Alikuwa amefungiwa, amelala. Mmemvunjia mlango, halafu mkaondoka, na njia aliyoiona ni lori lenu. Sasa ni abiria wenu. Anataka mwili. Ukimkanyaga huyu, yeye ataamka ndani yake, na utarudi naye nyumbani jioni bila kujua umemrudisha nani."

Filimbi alishika mbavu zake.

"Anajifunza upesi," dereva alisema. "Kila alama tunayoweka anaiga. Ila sijawahi kumwona akisimamisha."

"Wala hutamwona. Kuita anajua. Wote wanajua kuita. Kusimamisha mtu asiumie, hilo halimo ndani yake. Angekuwa nalo asingekuwa jini." Alichukua kifungo kingine. "Lifunikeni shimo lile kwa kitu kizito, kitu kama kile kilichomfungulia. Nendeni mchana. Huyu kaka akae kabini, asishuke. Nyuma ya lori pasisimame mtu yeyote. Ndiyo, najua kanuni zenu. Lakini siku hiyo utakayemwona nyuma, yeyote yule, si mtu. Atakwenda kusimama juu ya shimo lake kwa sura itakayokuuma kuliko zote. Wewe shusha."

"Hata akisimama chini ya kontena?"

"Hasa akisimama chini ya kontena."

Pale yadi kulikuwa na kontena bovu, kitako kimeliwa na kutu, ambalo msimamizi alikuwa anatafuta pa kulitupa. Hakuuliza maswali mengi. Walilijaza kifusi, wakafika kwenye nyumba ile adhuhuri, jua limesimama juu ya vichwa, saa ambayo hakuna kitu kilichokuwa na kivuli cha kujificha.

Filimbi alizungukia mlango wake, akakagua kufuli mara mbili. "Miaka yote ya kazi," alisema, "leo ndiyo mara ya kwanza narudi nyuma nikiwa nimekaa. Mnastarehe sana huku mbele."

"Tazama magoti yako. Usitazame kioo."

"Natazama magoti. Yanatetemeka. Ni sinema nzuri tu."

Dereva alirudi nyuma peke yake. Alikuwa ameteremka kwanza, akapima uchochoro kwa hatua, akaondoa mbao juu ya shimo, akarudi. Hata hivyo mikono yake ilikuwa na jasho, kwa sababu mwili uliofunzwa kanuni moja kwa miaka mingi hauelewi maelezo. Kioo cha kushoto kilikuwa kitupu. Cha kulia kitupu. Usipomwona, simama, ukuta mwekundu ulisema ndani ya kichwa chake, na yeye akaendelea. Alipofika mahali pake alishusha miguu ya chuma inayoliegemeza lori, akanyanyua mikono ya chuma. Kontena lilipanda, likavuka, likaning'inia nyuma, minyororo ikilia. Chini yake, shimo.

Harufu ilikuja kabla yake.

Alitoka upande wa ukuta, bila haraka, akiwa amevaa gauni lake la nyumbani lililopauka mabegani. Hakuwa yule wa siku za mwisho. Mashavu yake yalikuwa yamejaa, ngozi yake ina nuru, na miguu yake, ambayo ugonjwa ulikuwa umeivimbisha mpaka viatu vikamkataa, ilikuwa myembamba tena. Alikwenda akasimama chini ya kontena, juu ya shimo, mahali ambapo kwa miaka yote dereva alikuwa amewakemea watu wasikanyage. Akaulaza mkono wa kulia tumboni. Kwa wa kushoto, kwa vidole, akaita.

"Njoo. Nafasi ipo."

"Shemeji," Filimbi alinong'ona akiyatazama magoti yake. "Shemeji, nani huyo anaongea?"

"Usitazame."

Alitazama. Mtu gani asingetazama? "Dada," alisema, kwa sauti ya mtoto aliyeachwa akachelewa kuchukuliwa, na mkono wake ukafungua kufuli aliyoikagua mara mbili, mlango ukafunguka, mguu mmoja ukawa nje, na dereva akamdaka kwa mkanda wa suruali, akamvuta, Filimbi akapiga kelele kwa ajili ya mbavu zake na akaendelea kuvuta kwenda nje, kumwendea dada yake chini ya tani za chuma na kifusi, na dereva akawa ameshika mkanda kwa mkono mmoja na wenzo wa kushushia kwa mkono mwingine, na kwenye kioo yule mwanamke alikuwa anamtazama, si Filimbi, yeye, mumewe, na uso wake ulikuwa na subira ile ile aliyokuwa nayo kwenye korido ya hospitali alipokuwa anamwambia nenda ukale kwanza, mimi sina pa kwenda, na vidole vikaita, vikaita, kisha vikaacha kuita.

Mkono wa kushoto ukapanda. Kiganja kikafunguka, kikamwelekea.

*Simama.*

Miaka yote barabarani, mguu wake haukuwahi kuukiuka mkono ule. Ulikuwa unasimama kabla yeye hajafikiri. Ulisimama hata sasa: aliusikia ukibonyeza breki ya lori ambalo tayari lilikuwa limesimama. Kiganja kilikuwa wazi, hakitetemeki. Nyuma ya kiganja, macho.

Alisukuma wenzo.

Kontena lilishuka. Halikushuka haraka, mitambo ile haina haraka. Hakugeuza uso. Aliona kivuli cha kontena kikimfunika kichwa, mabega, kiganja. Hapakuwa na kilio. Palikuwa na kishindo kizito cha chuma juu ya jiwe, vumbi, minyororo ikalegea, na Filimbi akaanguka kabini mapajani mwake akilia kama mtu anayetapika.

Walikaa mpaka vumbi lilipotua. Harufu ilikuwa imekwisha. Ulikuwa ua wa kawaida, wenye ukuta wa kawaida. Dereva alishuka, akafungua minyororo mwenyewe, pembe baada ya pembe, akalizunguka kontena, akainama kutazama kitako chake pande zote. Hapakuwa na kitu. Akarudi.

Walifika barabara kuu.

"Ulimwona alivyoinua mkono?" Filimbi aliuliza.

"Nilimwona."

"Mganga alisema jini hajui kusimamisha."

"Alisema."

Filimbi alifuta uso kwa kofia. "Basi yule alikuwa nani?"

Dereva alipunguza mwendo kwenye tuta, akapita, akabadilisha gia. Lori lilikuwa jepesi, mgongo mtupu. Aliendesha kwa uangalifu mpaka nyumbani.

Harufu haikurudi, wala mlio, wala sauti. Mama mkwe alilala usiku ule bila kuamka. Mbavu za Filimbi ziliunga. Mganga, alipoelezwa, alisema kazi imekwisha. Kuhusu kile kiganja, alisimamisha cherehani, akafikiri, akasema kwamba hata yeye hajui kila kitu, kisha akaendelea kushona.

Asubuhi ambayo Filimbi alirudi kazini, dereva alimkuta yadi amesimama kando ya lori jingine, akiongea na dereva wake. Alipomwona shemeji yake alikuja, akamsalimia kwa mikono miwili kama mtu anayesalimia mkubwa, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu posa.

"Nimemwomba msimamizi anihamishe," alisema. "Usinielewe vibaya, shemeji. Umeniokoa, najua. Mama anajua. Mimi ningekuwa kwenye kiti kile ningemfuata, na leo msingenijua ni nani."

"Sasa?"

Filimbi alitazama magurudumu. Alitafuta mzaha, dereva aliona akiutafuta, na hakuupata.

"Kazi yangu ni kusimama nyuma ya lori na kuinua mkono. Yule nyuma yako aliinua mkono akiwa na sura ya dada. Ukamtazama, ukashusha." Alishika filimbi iliyokuwa shingoni. "Kila siku nitakuwa nasimama pale nikijiuliza leo umeniona nani."

Dereva alisema ameelewa. Alimwangalia akienda, akipanda lori la mtu mwingine, likitoka getini na yeye ananing'inia mlangoni akitazama nyuma. Kisha akalizunguka lori lake kama kawaida, akakagua matairi, minyororo, taa. Akapanda kabini. Pale yadi lori lisilo na utingo halitoki, kwa hiyo aliketi humo, injini imezimwa, mikono juu ya usukani, akisubiri apewe mtu.